Madamu Hauevaa na Wiki Zake za Marudio

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, mwalimu wetu wa Kiingereza, ambaye vizazi vya wanafunzi vimemwita Madamu Hauevaa, anastaafu rasmi. Ofisi imeniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya kijarida cha wafanyakazi, kwa kuwa chumba changu cha darasa kinapakana na chake tangu nilipoajiriwa. Walifikiria ujirani. Hawakufikiria kwamba jirani huyo amemwonea wivu mstaafu kwa muda wote huo, na kwamba hataweza kuandika sifa zake bila wivu wenyewe kuchungulia katika kila aya. Niliwaonya. Wakasema, andika tu.

Jina lake la utani limetokana na neno la Kiingereza la "hata hivyo", ambalo hawezi kumaliza mazungumzo bila kulitumia. Akimsifu mtoto, jiandae. "Insha yako imepangika, mwandiko wako unasomeka, mifano yako inavutia. Hauevaa..." Hapo mtoto anajua mvua imefika. Inasemekana hata mumewe, fundi redio, alipokwenda kumposa alijibiwa kwa sifa tatu za kweli, kisha hauevaa, kisha masharti mawili. Fundi aliyakubali yote mawili, na hadi leo hajawahi kumwambia mtu ni yapi.

Alifika shuleni akiwa mwalimu mbichi, mwembamba, na begi moja lililojaa vitabu kuliko nguo. Alianza na madarasa ya chini. Mwalimu wa darasa la mwisho alipohama katikati ya mwaka, akaombwa kushikilia nafasi kwa muda. Muda huo ndio unaokwisha sasa. Kati ya hapo na leo ameigeuza stoo ya madawati mabovu kuwa chumba cha kusomea, ameanzisha klabu ya mijadala ambayo imetuletea vikombe vinavyojaza kabati la mkuu wa shule, na amewafundisha Kiingereza watu ambao leo wanatufundishia watoto wetu.

Ili haki itendeke, nitaje na dosari zake, ambazo nimezitafuta kwa bidii kubwa. Mwandiko wake ni wa kuku aliyekanyaga wino. Kwenye vikao hufika wakati ajenda ya pili inafungwa, kisha huomba turudie ya kwanza. Miwani huitafuta ofisi nzima ilhali ameivaa kichwani. Njugu za watu huzila bila kuomba, na akikutwa husema alikuwa anaonja kama zimeharibika. Nimemaliza. Miaka yote ya kumchunguza, na hizo ndizo nilizopata.

Kilichompa jina mjini ni wiki ya marudio. Kila mwaka, kabla ya mtihani wa mwisho, tunatenga wiki moja wanafunzi wapitie kwanza istilahi za fasihi: tashbihi, sitiari, tashihisi, taharuki, kinaya na wenzao. Siku zinazobaki ni za msamiati wa insha ya hoja, yaani maneno ya kutoa dai, kuleta ushahidi, kutambua hoja ya upande wa pili, kuijibu na kuhitimisha. Yote hayo kwa Kiingereza, na ni maneno ambayo yamewatoa jasho watoto wengi. Darasa hugawanywa sehemu mbili, nusu kwangu, nusu kwake. Kati yetu kuna ukuta wa plaiwudi.

Mimi nilijiandaa kama mtu anayeandaa harusi. Nilichora chati kubwa zenye rangi nne, istilahi upande huu, maana upande ule. Wanafunzi wangu walikariri wakiwa wamesimama, sauti moja, mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka. Upande wa pili wa plaiwudi nilisikia kicheko. Kisha kimya. Kisha kicheko tena. Watu wa mitaani husema mwenye wivu ajinyonge. Mimi sikujinyonga. Nilisogeza kiti changu karibu na ukuta nikasikiliza.

Hakuwa na chati. Siku moja aliwatoa wanafunzi nje wakasimame mbele ya ukumbi, chini ya ile saa kubwa iliyosimama tangu enzi za mkuu wa shule aliyetangulia. Chini ya saa pale kuna bango lenye herufi nyekundu: THAMINI MUDA. Watoto walikuwa wanapita hapo kila siku bila kuona kitu. Aliwaacha wasimame tu. Ghafla mmoja akaanza kucheka, wa pili akafuata, mwishowe kundi zima likashika mbavu, na hakuna aliyehitaji tena kuambiwa kinaya ni nini. Mimi nilikuwa dirishani na chati yangu. Nilitamani saa ile ingekuwa yangu.

Kwa insha ya hoja alikuwa na kiti kitupu. Alikiweka mbele ya darasa na kusema hicho ni cha mpinzani wako. Kabla hujampinga mtu, mkaribishe kwanza akae. Mwanafunzi aliyetaka kutetea jambo alilazimika kwanza kukalia kiti hicho na kulisemea lile asilolikubali, alisemee vizuri mpaka mwenye nalo, kama angekuwepo, atikise kichwa kwa kuridhika. Ndipo aliporuhusiwa kusimama na kusema hauevaa. Wengi walichukia kiti kile. Wakikikalia walijikuta wamebadili mawazo, na hakuna kitu kinachomuudhi kijana kama kubadilishwa mawazo na kinywa chake mwenyewe.

Sasa nifike kwenye mwaka ambao wafanyakazi wa zamani wanaukumbuka na wapya wameusikia nusu nusu.

Binti yangu alikuwa darasa la mwisho, na mgawanyo ulimweka kwangu. Siku ya kwanza ya marudio alikaa mbele, akakariri chati zangu bila kukosea. Siku ya pili dawati lake lilikuwa tupu. Nilidhani anaumwa. Kupitia plaiwudi nikasikia sauti yake, ile sauti niliyoifundisha mimi kutamka maneno ya kwanza, ikijibu swali la mwalimu mwingine.

Jioni mezani hakuona haya. "Mama, leo Madamu ametufundisha kwamba ukitaka kumshinda mtu, kwanza mwelewe kuliko anavyojielewa."

"Mimi nilikufundisha hilo ukiwa darasa la tatu," nikasema.

"Ulinifundisha nisibishane na wakubwa."

Baba yake akainamia sahani. Binti alipoondoka nilimgeukia. Akasema taratibu, "Mke wangu, mtoto anasoma. Sasa unanuna nini?"

"Sinuni."

"Basi huo mdomo umevimba na nini?"

Nikaanza kukusanya vyombo. Moyoni palikuwa panawaka kama mtu amepaka pilipili. Mtu akikuchukulia mwanafunzi, unasema ni kazi. Akikuchukulia mwanao, ukamsikia anamnukuu mezani kwako, akila ulichopika wewe, hilo ni jambo jingine.

Wiki hiyo hiyo likaibuka la mkuu wa shule. Matokeo ya mtihani wa majaribio yalikuwa yametoka, na wanafunzi tisa walikuwa chini kabisa. Mkuu wa shule wa wakati huo, mtu mchapakazi ambaye alizipenda takwimu kama wengine wanavyopenda mpira, akaamua kwamba hao tisa wasisajiliwe kupitia shule yetu. Wakafanye mtihani kama watahiniwa binafsi, huko watakakopata kituo, ili wasitushushie wastani. Katika tisa hao alikuwemo rafiki wa binti yangu, msichana mrefu, mpole, ambaye wenzake walimwita Twiga. Mama yake alikuwa mfuaji wa nguo hospitalini. Kituo cha watahiniwa binafsi kilikuwa mji mwingine, na yeye hakuwa na ndugu huko wala mahali pa kulala.

Nilikwenda ofisini kwa mkuu kuwaombea. Niseme ukweli, nililia. Mkuu akanipa karatasi laini nijifute, akasema, "Mwalimu, nimekusikia." Nikatoka. Hakuna kilichobadilika. Kwenye ofisi ya walimu nilisimulia yaliyonikuta, na wenzangu wakaguna kwa huruma. Madamu Hauevaa alikuwa kwenye kona yake, anatafuna njugu ambazo nina hakika zilikuwa zangu. Hakuguna. Aliuliza swali moja tu: "Sababu zake ni zipi, zote, kwa mpangilio wake?"

Nilikasirika. Nilimwona hana moyo. Nikamtajia sababu za mkuu moja moja, kwa kejeli, na yeye akaziandika kwenye kiganja cha mkono kwa kalamu.

Kesho yake, kupitia ukuta, nikasikia akiwapa wanafunzi mada mpya ya insha ya hoja: Je, shule ina haki ya kuwaondoa watahiniwa dhaifu? Kisha akasema kila mtu ataandika pande zote mbili, na Ijumaa, bodi ya shule ikija kusikiliza mjadala wa kufunga marudio kama ilivyo desturi, mada itakuwa hiyo.

Wanafunzi wangu waliobaki walinitazama. Nami niliwatazama. Nikawafungulia mlango, wote tukahamia upande wa pili, mimi nikiwa nimebeba kiti changu. Nilijiambia nakwenda kusaidia. Ukweli ni kwamba nisingestahimili kubaki nyuma ya plaiwudi wakati jambo kubwa kama hilo linafanyika bila mimi.

Siku zile mbili zilikuwa za kazi. Watoto walitafuta ushahidi kama polisi. Waliwatafuta wahitimu wa zamani waliofeli majaribio wakafaulu mtihani wenyewe. Walimpata mmoja anayetengeneza majokofu ya hospitali, na mwingine alikuwa humu humu shuleni, mwalimu wetu wa hesabu wa madarasa ya chini, ambaye aliona haya kidogo lakini akakubali kutajwa. Waliuliza na upande wa pili pia. Walimhoji karani wa usajili, akawaeleza ni wazazi wangapi huulizia wastani kabla ya kuleta mtoto. Binti yangu aliandika insha iliyonifanya niisome nikiwa nimesimama. Kila aya ilishikana na nyingine kama vidole vya mkono. Nilijua ndiye atakayesimama mbele ya bodi. Nilianza hata kupiga pasi sare yake.

Alhamisi akarudi nyumbani macho mekundu. Madamu alikuwa amemchagua Twiga.

"Insha yake haifikii yangu!" alilia. "Mama, hata wewe umeisoma. Twiga akisimama mbele ya watu anasahau jina lake."

Nikamwona mwanangu akiwa na ugonjwa wangu ule ule, umemkaa usoni kama sura ya ukoo. Ningemwonea huruma zaidi kama nisingekuwa nimepandwa na hasira. Asubuhi nilimkuta Madamu ofisini kabla hajaweka begi chini.

"Umemwacha binti yangu," nikamwambia. "Unajua wazi nani ameandika vizuri."

"Binti yako," akajibu, "amewazidi wote. Ana mpangilio, ana lugha, hatetemeki."

Nikasubiri.

"Hauevaa," akasema, na mara hiyo hakutabasamu, "yeye hayumo katika wale tisa. Akisimama yeye, watampigia makofi na kwenda kula chakula cha mchana. Twiga akisimama, itabidi wamtazame yule wanayetaka kumtoa."

Alisema kweli. Hilo ndilo lililonikera kuliko yote. Nilirudi darasani nikamweleza binti yangu maneno hayo hayo, na baada ya kununa kwa muda akachukua insha yake, akaenda kumpa Twiga aya mbili bora zaidi.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Mwenyekiti wa bodi alikuwa mfanyabiashara wa mbao, mzee wa maneno machache aliyezoea kusinzia katika mijadala ya wanafunzi. Mkuu wa shule alikaa kulia kwake. Mada iliposomwa, mkuu aligeuka kumtafuta Madamu kwa macho, na Madamu, kwa bahati, alikuwa anatafuta miwani yake.

Twiga akasimama. Alikunjua karatasi yake. Alianza na upande wa mkuu. Akasema kwa Kiingereza chepesi kwamba shule ni jina, na jina likichafuka wazazi huondoka. Akasema walimu wamechoka kulaumiwa kwa matokeo mabaya. Akataja wadogo zao wa madarasa ya chini, ambao watapata vitabu vipya iwapo tu wanafunzi wapya wataendelea kuja. Alilisemea jambo lile kwa haki kiasi kwamba mkuu wa shule akaanza kutikisa kichwa. Nami nilikuwa natikisa. Kwa mara ya kwanza nilimwelewa mkuu, mtu niliyelia mbele yake bila kujua anaogopa nini.

Kisha Twiga akanyamaza. Alifungua mdomo, neno halikuja. Ukumbi mzima ulimtazama. Kwenye mabenchi ya wanafunzi midomo ilikuwa inalitamka lile neno bila sauti, binti yangu akitangulia, na mimi nyuma kabisa pia, nikiwa nimeshika ukingo wa kiti. Madamu peke yake hakufungua mdomo. Alimtazama tu, ametulia, kana kwamba muda upo wa kutosha.

"Hauevaa," Twiga akasema hatimaye, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia.

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Hata mwenyekiti alizinduka. Kicheko kile kikamfungua yule binti. Akaleta ushahidi wake, mmoja baada ya mwingine, na alipomtaja mwalimu wa hesabu, mwalimu mwenyewe akasimama kwenye safu yake, ingawa hakuna aliyemwambia asimame. Mwisho Twiga akaweka karatasi chini. Akasema maneno ambayo hayakuwa katika insha yake wala ya binti yangu. Nayaandika kwa Kiswahili: "Mtihani wa majaribio ulitupima homa. Nyinyi mmeona tuna homa, mmeanza kuchimba makaburi."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti akamgeukia mkuu wa shule, akazungumza kwa sauti ya kawaida ambayo ukumbi wote uliisikia. "Mkuu, umesikia sababu zako zilivyoelezwa vizuri?"

"Nimesikia," mkuu akasema.

"Mimi mwenyewe nisingeweza kuzieleza hivyo. Basi mtoto anayeweza kueleza hivyo, tunampeleka wapi? Hawa tisa watafanya mtihani hapa hapa."

Makofi yakaja hapo. Nilimwona mwanangu amepanda juu ya benchi.

Matokeo yalipotoka, watano kati ya tisa walifaulu, wanne hawakufaulu, na wastani wetu ulishuka kidogo. Siwezi kuupamba ukweli huo. Twiga alipita kwa alama za kubahatisha. Leo ndiye msimamizi wa mapokezi katika hospitali ile ile ambako mama yake alikuwa akifua mashuka, na wanaomfahamu wanasema wagonjwa wanaofika pale wakifoka huondoka wakiwa wanamshukuru.

Jambo hilo lilimgharimu Madamu. Mkuu hakumfokea, wala hakuandika barua yoyote. Mwaka uliofuata nafasi ya mkuu wa idara ya lugha ilipokuwa wazi, kila mtu alijua ni yake. Walinipa mimi. Nikapewa ofisi yenye feni na mlango wenye kitasa kizima. Nilingoja aje amekunja uso, nami nipate angalau mara moja kuonewa wivu. Alikuja wa kwanza kabisa. Akasema, "Hongera sana, dada. Sasa chaki zikiisha nitakusumbua wewe." Akachukua njugu zilizokuwa mezani, akaenda zake.

Tangu siku hiyo nimekuwa na cheo, naye amekuwa na watu. Kupitia mlango wangu mzima nimewaona wahitimu wakirudi kututembelea, wengine na watoto migongoni. Hunisalimu kwa heshima zote, "Shikamoo mwalimu," kisha huuliza, "Madamu yupo?" Nimeshawaelekeza wengi sana. Ningeweza kuandikiwa kibao mlangoni: Ulizia Hapa.

Na binti yangu? Anafanya kazi mbali, mkoa mwingine. Nilipougua mwaka juzi alinipigia simu kila siku, jambo ambalo ninamshukuru. Kuja hakuja; niliposhtuka kwa sauti ya mlango nikidhani ni yeye, alikuwa jirani wa nyumbani. Juzi nikamwambia kwamba Madamu anastaafu. Akauliza tarehe. Saa ile ile akaomba ruhusa kazini, akakata tiketi. "Mama, utanipokea kituoni?" Nitampokea. Nimeshafua mashuka ya chumba chake. Sitasema lolote. Baba yake ameniomba nisiseme lolote.

Wiki ya marudio ya mwaka huu imekwisha majuzi, ya mwisho kwake. Tulitegemea aifanye kwa kishindo, na mkuu wa shule wa sasa alikuwa ameagiza hata mpiga picha. Madamu akaomba kitu kingine. Akasema miguu inamuuma, akaomba makundi yote mawili yaunganishwe katika chumba changu, nami nifundishe, yeye akae nyuma.

Wenzangu, sijawahi kuogopa darasa kama siku hiyo. Niliingia bila chati, kwa kuwa niliona haya kuzining'iniza mbele yake. Mambo yalikwenda vizuri mpaka msichana mmoja wa mbele akaniuliza, "Mwalimu, kejeli na kinaya vinatofautianaje? Mimi naona ni kitu kimoja."

Kabla sijafungua mdomo, vichwa vyote vikageuka nyuma. Darasa zima, kama alizeti, likamtazama yeye. Roho iliniuma, na sitasema haikuniuma. Nilisimama mbele ya ubao wangu, katika chumba changu, nikitazama visogo vya watoto.

Madamu Hauevaa, ambaye hajawahi kuliacha swali lipite, aliinama. Akafungua begi lake akaanza kutafuta miwani. Miwani ilikuwa kichwani. Watoto walisubiri. Akatoa leso, akairudisha. Akatoa kalamu, akaitazama kama hajawahi kuona kalamu. Aliendelea kutafuta, hana haraka, mpaka kichwa kimoja kikarudi mbele, kikafuata cha pili, na mwisho wote wakawa wananitazama mimi.

Nikasema, "Kejeli ni pale mtu anaposema kinyume cha anachomaanisha ili achome. Kinaya ni pale maisha yenyewe yanapofanya kinyume cha ulichongoja. Niwape mfano. Kwa miaka mingi nilitamani mama yule aliyeko nyuma astaafu, ili na mimi nipate kusikika. Mwaka huu umri wake umefika. Mwezi uliopita mtu mmoja alikwenda ofisini kuomba mama huyo aongezewe mwaka mmoja, akabisha, akatoa ushahidi, akakataliwa. Mtu huyo alikuwa mimi."

Walicheka mpaka mpiga picha naye akacheka. Nyuma, Madamu alikuwa ameiona miwani. Aliivua, akaifuta kwa kanga, akaifuta tena, akachelewa kuivaa.

Madamu, kwa niaba ya idara, shule na wote waliopita mikononi mwako, tunakushukuru. Fundi redio anakungoja na nyumba ambayo mmeijenga polepole, na umesema utalala hadi jua likuchoke, usome vitabu ambavyo hakuna mtihani unaovidai, na usisahihishe insha ya mtu yeyote hadi mwisho wa dunia. Mungu akupe afya, miguu isiyouma, wajukuu wabishi na marafiki wenye njugu. Nenda kwa amani na uishi vizuri, vizuri kabisa, hata sisi tunaobaki na kengele asubuhi tuzidi kukuonea wivu.